Kuku Alikubali Vifaranga, Nafula Akaanguka

Doha nimeona watu wakilia, jamani.

Nimeona mlinzi wa West Bay, jitu la miraba minne, analia kwa sababu demu wake wa Nakuru ameolewa. Nimeona nesi mzima analia juu ya sahani ya ugali, eti harufu imemkumbusha kwao.

Lakini mtu mzima aanguke chini, apige mayowe ya msiba, kwa sababu kuku amekubali kulea vifaranga?

Hiyo ni ya Nafula peke yake.

Watoto wa bosi walikuwa wanapiga makofi. Kuku mwenyewe ametulia tuli, amevimba manyoya kama mto wa kiti. Na Nafula yuko chini kwenye majani makavu, mikono kichwani, "Mayi! Mayi weee!"

Mayi, kwa wale si wa kwetu, ni mama kwa Kibukusu.

Ngoja niwapangie vizuri. Haya nimeyapata kwa mdomo wake mwenyewe, ameketi kwenye kitanda changu kule mtaa wa Najma, na mimi Milka mnanijua, chumba changu hakikosi watu. Siku hiyo chai ilipoa. Hakuna aliyeigusa.

Nafula ni wa Chwele, Bungoma. Hii ni 2014. Alikuwa kadama, yaani mfanyakazi wa ndani, kwa familia moja ya Umm Salal, huko kaskazini mwa Doha ambako watu bado wana shamba nyuma ya nyumba. Mitende, mbuzi, banda la kuku.

Mwenye sauti kwenye ile nyumba hakuwa kafili, yaani bosi mwenye viza yake. Alikuwa mamake kafili, bibi kizee ambaye wafanyakazi wote walimwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa. Uso wake Nafula hakuwahi kuuona. Bibi alivaa barakoa ya kizamani, ngumu, inang'aa kama shaba, inaacha macho tu. Ukiongea naye hujui kama anacheka au amenuna.

Kiarabu cha Nafula kilikuwa cha jikoni. Leta. Peleka. Moto. Chumvi kidogo. Mambo mazito alikuwa anatafsiriwa na Harun, dereva, kijana wa Kwale. Lakini Harun alikuwa ameenda likizo kuoa.

Na hapo ndipo simu ikaja.

"Wifi," Roselyne akasema. Roselyne ni mke wa kaka yake Nafula, ndiye aliyebaki nyumbani na mama yao. "Mayi amepigwa na kiharusi. Upande mmoja umekufa. Anakuita tu. Kila anayeingia, 'Ni Nafula? Ni Nafula?' Chakula hataki. Njoo hata kidogo, akuone tu."

Sasa, miaka hiyo kadama hatoki Qatar bila ruhusa ya bosi. Mlango wa nchi uko mfukoni mwa mtu.

Nafula akamkuta Mama Kabira barazani, anachambua tende. Akapiga magoti vile wamezoea kwao.

"Mama. Ummi marid. Mama yangu, mgonjwa. Ana ruh Kenya. Mimi naenda, narudi."

Bibi akaacha tende. Akaweka mkono kifuani. Akatikisa kichwa polepole, ulimi ukapiga tsk, tsk.

"Haraam," akasema. "Haraam, ya Nafula. Haraam."

Hebu niambieni, nani kwetu halijui hilo neno? Mlokole analijua. Mlevi analijua zaidi. Nguruwe ni haramu, chang'aa ni haramu. Kitu kikishaitwa haramu hakina rufaa.

Kwa hiyo kumwona mamake ni haramu.

Nafula akainuka. Si mtu wa kubembeleza, huyo. Akatoa lile neno ambalo kila kadama hujifunza wiki ya kwanza, ambalo kwake maana yake ni basi, nimekubali, tuyaache.

"Khalas, Mama."

Na akakung'uta viganja hivi, kama mtu anayetoa unga mikononi.

Bibi akashtuka. Akanyanyua mikono juu, akashusha dua ndefu. Nafula hakuambulia kitu isipokuwa jina la Mungu. Akajua sasa imepigwa muhuri.

Usiku huo alimpigia Roselyne. "Bosi amekataa." Akakata simu.

Kuanzia kesho yake vituko vikaanza.

Nguo za kupiga pasi zikapelekwa kwa dobi. Akichelewa kuamka hakuna anayemgongea. Bibi anampakulia chakula kwa mkono wake, tena nyama ile laini. Jioni moja akaja na mfuko. Ndani mna gauni jipya, refu, jeusi ti.

Ijumaa yake ya kupumzika akaja nalo kwangu. Tulikuwa tumejazana, wengine kitandani, wengine juu ya ndoo, Damaris anasukwa nywele.

"Mtu ananikataza kumwona mamangu, halafu ananipa gauni," Nafula akasema.

"Hebu lete," Damaris akasema. Akalipapasa. "Wueh! Hili ni la duka la maana. Wangu akinikataza kitu ananiongezea kelele."

"Na anakupakulia nyama?" mwingine akauliza.

"Ananipakulia."

"Dadangu, hiyo ni hongo. Ana bahati hajui wewe ni Mluhya. Angekupa kuku mmoja tu ungesahau hata jina la mamako."

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Nafula hakucheka. Alikuwa analikunja lile gauni, analikunja, mpaka likawa kama tofali.

Kumbe kuku naye alikuwa njiani.

Wajukuu wa bibi walipelekwa soko la ndege pale Souq Waqif, wakarudi na boksi la vifaranga. Si hawa wa kwetu. Wale hutiwa rangi. Waridi, kijani, buluu, kama peremende. Wananunuliwa, wanachezewa, wanakufa.

Kufikia alasiri wengine walikuwa wameshalala miguu juu. Waliobaki wanalia pyo pyo pyo, kilio cha kutafuta mtu.

Mama Kabira akawanyang'anya watoto boksi, akaja nalo hadi jikoni. Akamnyooshea Nafula kidole.

"Inti yatima."

Kisha akanyooshea boksi.

"Hada yatima."

Damu ikampanda Nafula mpaka masikioni. Hili halikuhitaji Harun. Yatima ni yatima. Anaitwa yatima, na mamake anapumua Chwele! Kwao ukimwita mtu yatima na mama yuko hai, umeshika jembe unamchimbia huyo mama kaburi.

Alipokea boksi. Tangu siku hiyo akamchukia yule bibi, chuki ya kimyakimya, ile mbaya.

Lakini vifaranga wana kosa gani?

Bandani kulikuwa na kuku mwekundu aliyekuwa ameatamia mayai viza. Joto la kule hulipika yai kabla kifaranga hajawaza kutoka. Muda wa kuangua umepita na bado amekalia, mkaidi, hali, amekonda. Ukimsogelea anavimba, anaguna, anakudonoa.

Kwao Nafula kuku wa hivyo humfukuzi. Unampa mtoto. Ila huwezi kumtupia tu. Kuku akimwona mgeni peupe anamdonoa utosini mpaka amuue. Anapewa gizani, kwa kumwibia. Unapitisha mkono kwa nyuma, chini ya tumbo. Unatoa yai, unaacha kifaranga. Unatulia. Unatoa jingine. Yeye anasikia tu kitu kinasogea chini yake, anajiambia, ahaa, wameanza kutoka.

Na wanapewa wakiwa wadogo, kabla hawajamjua mama mwingine.

Shida ni rangi. Ungemficha vipi kuku kwamba amezaa kitu cha waridi?

Nafula akamhamishia kwenye stoo ya majani ya mbuzi, akaziba dirisha kwa gunia. Alipogeuka, Mama Kabira yuko nyuma yake na chetezo cha udi kinafuka.

"La, Mama! Moshi utamziba pumzi."

Bibi hakujali. Akapitisha chetezo juu ya kuku, kidogo tu. Kisha juu ya boksi. Vile wanavyomfukiza mgeni anapoaga. Nafula akaelewa bila kuambiwa: anawapa wote harufu moja, kuku asinuse mgeni.

Roho ilimuuma kukubali, lakini alikubali. Bibi anajua kuku.

Wakapiga magoti bega kwa bega, kizee na kadama. Nafula anaingiza vifaranga, bibi anapokea mayai viza na kuyaweka kwenye kanga ya sakafuni bila kuyagonganisha. Kuku akaguna. Akajiinua kidogo. Wote wawili wakaacha kupumua.

Akajikalia tena.

Waliwaacha humo kizani, maji na chenga za mahindi wanapelekewa kwa kupapasa. Mpaka asubuhi moja Nafula, sikio mlangoni, akasikia kuku anaongea. Kru, kru, kru. Ile sauti ya chini ambayo kuku hampi mwingine ila mwanawe.

Mama Kabira akaamuru gunia lishushwe. Watoto wakaja mbio. Harun naye alikuwa amerudi na ubwana harusi wake, akasimama mlangoni anachungulia.

Mwanga ukaingia.

Kuku akatazama kwa jicho moja. Akageuza kichwa, akatazama kwa la pili. Wa buluu akampanda mgongoni. Kimya. Wa waridi wakachungulia bawani. Kimya. Wa kijani, mdogo kuliko wote, akatoka akasimama mbele ya uso wake.

Ta! Mdomo utosini.

Kikaanguka. Ta! tena.

"Haraam!" Mama Kabira akapaza sauti. "Haraam! Haraam!"

Akaenda chini haraka kuliko umri wake, akakiokota, akakipuliza, akakibusu kichwani na barakoa yake vivyo hivyo. Mkono mmoja kifuani. Tsk, tsk. "Haraam, miskin." Akakisukuma chini ya bawa kwa vidole viwili, akashikilia hapo.

Nafula akaganda.

"Harun," akasema bila kugeuka. "Hicho kifaranga kimetenda dhambi gani?"

"Dhambi ya wapi?"

"Si anasema ni haramu?"

Harun akacheka. "Aa, dada. Haramu ya kitabuni ipo, na ni nzito. Lakini wamama wa huku wakiona kitu cha kuhurumia ndivyo wasemavyo. Haraam, yaani maskini weee. Mimi mwaka wa kwanza nilijikata na kisu, akaniambia haraam, nikadhani damu yangu imekuwa najisi."

Kru, kru, kru. Bawa likafunguka. Kile cha kijani kikajisukuma ndani, kikapotea.

Watoto wakapiga makofi.

Na Nafula akaanguka.

Harun alidhani ni kifafa. Alipomwinua, maneno yakamtoka kama matapishi. "Nilimwomba nimwone mamangu! Mama amepooza, ananiita! Akaniambia haraam! Kama ni huruma mbona hakuniachilia? Mwulize! Mwulize sasa hivi!"

Harun akamgeukia bibi. Wakaongea. Kwanza polepole. Kisha bibi akaanza kwenda kasi, anajipiga paja, halafu akakung'uta viganja vyake hivi, kama mtu anayetoa unga.

Harun akamgeukia Nafula.

"Anasema alikuhurumia. Alikuwa amwite mwanawe palepale akukatie tiketi. Lakini wewe ukamwambia khalas. Ukafanya na mikono hivi."

"Nilimaanisha basi. Nimekubali."

"Yeye alisikia imekwisha, Nafula. Kwamba mgonjwa amekwisha. Kwamba ulikuwa unamletea habari ya msiba."

Harun akaendelea.

"Amesikia Wakristo wakifiwa wanavaa nyeusi, ndiyo maana akakununulia. Hawa vifaranga alikuletea upate cha kulea, usikae ukiwaza. Siku zote hizi amekuwa anakupa pole."

Mama Kabira akavuta kamba nyuma ya kichwa, akavua barakoa. Nafula akaona uso. Uso mdogo tu wa bibi, umelowa, mashavu yameshika rangi ya nili ya ile barakoa.

"Anauliza," Harun akasema, "mamako yuko hai?"

"Yuko hai."

Bibi akasema kitu kifupi, sauti imekwama.

"Anasema, nimemsomea dua ya maiti mtu anayepumua. Anaomba umsamehe. Anasema inuka hapo, kafunge mzigo."

Na kweli, tiketi ilitoka upesi. Bibi alimfukiza udi kwa mkono wake mpaka gari la Harun likawashwa.

Akiwa uwanja wa ndege akampigia Roselyne. "Wifi, nakuja! Ameniachilia!"

Upande ule akasikia mlango unafungwa.

"Wifi?"

"Njoo," Roselyne akasema. "Lakini ukifika upitie kwangu jikoni kwanza. Usiingie kwa Mayi kabla hujaniona."

Hiyo safari yote, Nafula anasema, alikuwa anahesabu mama yake amekufa.

Alimkuta Roselyne anapuliza moto. Roselyne alipomwona alisimama, akajifunika uso na leso.

"Mayi yuko?" Nafula akauliza.

"Yuko. Yuko hai." Akavuta kamasi. "Wifi, ulisema bosi amekataa. Na Mayi alikuwa hali. Macho nayo yakaanza kuondoka. Anaita tu, Nafula, Nafula. Nikaona atakufa na njaa mikononi mwangu. Siku moja nikamshika mkono nikamwambia, 'Ni mimi, Mayi. Nimerudi.' Akauliza, 'Nafula?' Nikasema ndiyo. Akanywa bakuli lote la uji."

Roselyne akauchochea moto.

"Tangu hapo mimi ndiye Nafula mle ndani. Anakula. Analala. Watoto wangu nimewakataza kuniita mama wakiwa mle." Akalia sasa waziwazi. "Nilikosea? Ukitaka, twende tukamwambie. Wewe ndiye mwenyewe."

Nafula akavua viatu, akaingia.

Pazia lilikuwa limeshushwa. Mayi alikuwa amelalia ule upande mzima, amekuwa mdogo, amesukwa nywele vizuri, amepakwa mafuta. Mtu aliyetunzwa. Hata kwa kiza ulikuwa unaona.

"Nani huyo?"

Nafula akafungua mdomo. Jina lake liko pale pale kwenye ulimi. Nyuma yake Roselyne ameshika fremu ya mlango.

"Nafula, umemleta nani?"

"Ni mgeni, Mayi," Nafula akasema, akaketi kitandani. "Rafiki yake Nafula. Tulikuwa wote Qatar."

"Una sauti ya watu wa kwetu." Mkono mzima ukapapasa blanketi, ukampata vidole, ukavishika. "Mulembe, karibu mwanangu. Nafula! Mletee mgeni chai."

Nafula akainuka, Roselyne akageuka, wote wawili kwa mara moja.

Nafula akakaa tena. Roselyne akaenda.

"Alikawia huko kwa Waarabu," Mayi akasema, "lakini alirudi. Ananiosha. Ananilisha kama mtoto. Na wewe, mamako yuko?"

"Yuko."

"Umeshamwona tangu urudi?"

Nafula akautazama ule mkono ulioshika wake.

"Bado, Mayi."

"Basi unywe chai haraka uende. Usiketi kwa mama wa wenyewe na wako anakungoja. Wazee hatungoji sana."

Alikunywa chai. Akaaga vizuri. Akatoka, akazunguka nyumba, akaketi chini nyuma ya ukuta wa chumba cha mamake, akasikiliza mpaka ndani kukawa hakuna sauti.

Aliendelea kuingia mle kama mgeni, mara mojamoja, asimchanganye. Mayi alikwenda kabla likizo haijaisha. Alikuwa ameshika mkono wa Roselyne, anauita wa Nafula. Kaka yake Nafula alitaka kuwaeleza watu makaburini jinsi mambo yalivyokuwa. Nafula akamkataza.

Alirudi Doha. Hata leo ukimwita jina lake, anakawia kuitika.

Jamaa zangu mlio kwenye nchi za watu, mimi sikusoma, lakini hili nawaachia. Neno la kigeni likija limevaa nguo za kwenu, usilikumbatie ukidhani ni ndugu. Liulize kwao ni wapi. Uliza mara ya pili, uliza hata wakikucheka, uliza mpaka wakuone zuzu. Kilichomponza Nafula siku ile ni maneno mawili tu, haraam na khalas, na alikuwa na uhakika nayo yote mawili.